Manjanja yanachoma mbegu: tuweke plafon katika depo



Katika somo la leo hatuzungumzii samadi wala kupanda kwa mistari. Tunazungumzia paa. Mutashangaa, lakini ngojeni kidogo. Kila mwaka tunasikia malalamiko yale yale: maharagi yalivunwa vizuri, yakaanikwa vizuri, wamama wakayachagua moja moja, yakalala katika depo miezi mitatu, na siku ya kupanda nusu ya mashimo hayatoi kitu. Wengine wanasema ni udongo, wengine wanasema ni mvua, wengine wanamtazama jirani kwa jicho baya. Mara nyingi adui alikuwa juu ya kichwa chao wakati wote. Ni manjanja.

Manjanja ni kitu kizuri, tusiyatukane. Hayashiki moto kama nyasi, yanadumu miaka mingi, na maji yake ya mvua tunayakinga katika pipa. Hakuna mutu anaombwa kurudi kwenye paa la nyasi. Lakini bati ni chuma chembamba sana, chini ya milimita moja, na chuma hakizuii joto, kinalipitisha tu. Saa saba ya mchana, jua likiwa kali, bati linaweza kupita digri 60. Joto hilo linashuka juu ya mifuko kama mbabula iliyogeuzwa kichwa chini. Usiku bati linapoa upesi kuliko kitu chochote ndani ya depo. Hewa ya ndani ina unyevu. Ikigusa chuma kile cha baridi, unyevu unageuka matone. Mwenye kulala katika nyumba isiyo na plafon anajua habari hii: alfajiri tone linamwangukia usoni na inje mvua hainyeshi. Tone hilo hilo linaangukia gunia.

Basi mchana ni joto, alfajiri ni maji. Ukungu hautafuti fasi nzuri kuliko hiyo. Katika mahindi na karanga kuna ukungu unaoacha sumu inayoitwa aflatoksini, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Hata maharagi ya kula yanaharibika kwa namna yake: yakikaa muda mrefu katika joto na unyevu yanakuwa magumu, yanachemka tangu asubuhi na bado hayaivi. Mama anamaliza makala mara mbili kwa chungu kimoja. Kwa hiyo paa baya linakula hata makala ya jikoni, ijapokuwa jiko liko mbali na depo.

Kwa mbegu hasara ni kubwa zaidi, juu mbegu ni kitu chenye uzima. Inapumua polepole, inatumia chakula chake, inangojea mvua. Joto linaipumulisha haraka, inachoka mbele ya siku yake. Wataalamu wa mbegu wana kipimo chao cha makadirio: kila ukishusha joto la fasi ya kuhifadhi kwa digri 5, maisha ya mbegu yanakuwa karibu mara mbili. Kipimo hicho kinafanya kazi na upande wa pili pia. Ukipandisha digri 5, umekata maisha yake nusu.

Tupige hesabu. Tuseme mwanamemba anapanda kilo 80 za maharagi kwa hekta moja, na katika mbegu 100 zinaota 90. Depo ikichoma mbegu mpaka zinaota 60 tu, atahitaji kilo 120 ili apate mimea ile ile. Ni kilo 40 zimepotea. Kwa koperative ya wanamemba 25, kila mmoja na hekta yake, ni kilo 1,000. Tani nzima ya maharagi inazikwa katika udongo bure, na bado mutu hajalipia kazi ya kurudilia kupanda.

Dawa yake si mashine ya kuleta baridi, wala si umeme. Dawa ni hewa. Mutazame kuku asubuhi ya baridi: anavimbisha manyoya yake, anakuwa kama mpira. Anachofanya ni kukamata hewa katikati ya manyoya, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Blanketi inafanya hivyo hivyo, nyasi kavu nazo, mkeka nao. Plafon ni blanketi ya nyumba. Mchana inazuia joto la bati lisishuke, usiku inazuia joto la ndani lisipande kukimbilia inje, na jasho la bati linaangukia plafon badala ya kuangukia mifuko.

Sasa kazi yenyewe. Chukua depo ya mita 6 kwa mita 10. Plafon yake ni mita 60 za mraba. Kwa mikeka ya matete yenye mita 2 za mraba kila mmoja inatakiwa mikeka 30, na mingine kama 5 ya kupandishanisha pembeni. Chini ya mikeka kuna miti ya kalitusi au mianzi minene, iliyofungwa vizuri kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine. Acha nafasi kati ya mikeka na bati, angalau urefu wa mkono tangu kiwiko hadi vidole. Nafasi hiyo isifungwe kabisa. Katika kila upande wa depo, pale ukuta unapochongoka chini ya paa, toboa tundu ili hewa ya moto itoke, kisha uweke wavu wa chuma wenye macho madogo. Bila wavu umewajengea panya nyumba ya juu, nao watashuka kula usiku.

Watu wengi wanapenda kupaka udongo juu ya mikeka. Ni vizuri: udongo unaziba nyufa na unakinga moto. Lakini pima uzito kwanza. Udongo wa sentimita 2 tu juu ya mita 60 za mraba unakaribia tani 2. Kama miti yako ni myembamba, plafon itashuka juu ya mifuko au juu ya mutu. Heri mikeka miwili moja juu ya mwingine, na udongo ubaki kwa kuta.

Tukisema juu ya kuta: ukuta wa matofali mabichi wenye sentimita 30 ni rafiki mkubwa, juu joto la mchana linachelewa ndani yake na linafika ndani wakati usiku umekwisha kupoza hewa. Kwa hiyo matundu ya hewa ya depo yafungwe mchana, yafunguliwe usiku kama hakuna mvua wala ukungu wa milimani. Wengi wanafanya kinyume, wanafungua saa sita na kusema depo ipate hewa. Inapata hewa, ndiyo, hewa ya moto! Kupaka chokaa nyeupe juu ya bati kunasaidia pia, maana cheupe kinarudisha jua, lakini mvua inaiosha, inabidi kurudilia kila kiangazi.

Kuna kitu kimoja hatutaki kuona: zile frigoliti nyeupe zinazokuja katika makartoni ya televizyo. Zinazuia joto sawa, lakini zikishika moto zinawaka vikali na moshi wake ni sumu. Zisiwekwe katika plafon. Na plafon ya matete isiwekwe kamwe juu ya jiko.

Hayo ni kwa wenzetu wa bonde la Ruzizi, Uvira na Fizi, kwenye jua. Wa Masisi na Lubero watasema: sisi shida yetu ni baridi. Paa ni lile lile na dawa ni ile ile. Hewa ya moto inapanda juu, inagusa bati, inapoa, na joto lote mulilolipa kwa makala limekwenda kupasha mawingu. Plafon inalibakisha chini pamoja na watoto. Makala mengi yanayochomwa Goma yanatoka katika misitu ya Virunga, na bei yake kila mama anaijua. Mfuko mmoja ukidumu siku kadhaa zaidi, ni franka zilizobaki nyumbani.

Lakini hapa tuelewane vizuri. Mbabula yenye makala inatoa gazi isiyo na rangi wala harufu, na gazi hiyo inaua mutu akiwa usingizini. Nyumba iliyozibwa vizuri inaishikilia zaidi kuliko nyumba yenye matundu. Ukiisha kuweka plafon, mbabula isilale tena ndani ya chumba, hata kama makala yanaonekana yamekuwa majivu. Waka moto mapema, kwa mulango wazi, pasha chumba, kisha toa mbabula inje mbele watoto hawajalala. Plafon itashikilia joto lililobaki.

Kujua kama kazi imefaa ni rahisi. Ningʼiniza kipima joto kimoja katikati ya mifuko, usome saa nane mchana, uandike katika kaye siku saba mbele ya kazi na siku saba nyuma yake. Kisha, majuma mawili mbele ya kupanda, hesabu mbegu 100 kutoka mifuko mbalimbali, zikunje katika kitambaa chenye maji, zikae kivulini siku saba, kitambaa kisikauke. Zikiota chini ya 80, ni lazima kuongeza mbegu shambani au kutafuta zingine.

Matete yakatwe na kukaushwa mwezi wa sita, plafon ifungwe mwezi wa saba, wakati depo iko karibu tupu na mvua haiko. Mwezi wa nane kamati ipite kuangalia wavu wa panya na vifungo vya miti, maana mbegu za msimu A zinatoka mwezi wa tisa, na zile za msimu B zitaingia chini ya plafon hiyo hiyo zingojee Februari.