"Kule" ni wapi?



Leo tuangalie neno dogo: kule. Kwa Kiswahili ni mahali palipo mbali. Lakini pale Kilosa, mama wa Kimaasai akisema kule kwa lugha yake, kumbe anasema maziwa! Kiswahili ni cha jamii ya Kibantu, sawa na Kikaguru, Kisagara na Kividunda. Kimaa, lugha ya Wamaasai na Waparakuyo, ni ya Kiniloti. Sauti zimegongana tu. (Hata Mikumi si makumi ya kitu chochote, ni miti, ile mivumo mirefu. Ila hapo ni Wabantu kwa Wabantu.)

Sasa mteja anaambiwa "kule", anageuza shingo kuangalia barabarani, na maziwa yako mbele yake. Tunacheka. Mtume Paulo hakulichukulia kwa mzaha. Fungua 1 Wakorintho 14:10-11: nisipojua maana ya sauti, mimi ni mgeni kwa anayesema, naye ni mgeni kwangu. Wageni wote wawili, hata kama mmezaliwa kata moja.

Na ugeni huo Kilosa tumeuona. Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, wakulima na wafugaji walipigana, watu 38 wakapoteza maisha. Sisemi waliuawa na maneno, hapana. Ugomvi ulikuwa wa mashamba, malisho na maji. Lakini utakaaje chini kuzungumza mpaka wa shamba na mtu ambaye hujawahi kujifunza hata salamu yake?

Neno lingine ni papa. Pwani ni samaki mwenye meno ya kutisha. Kwetu Wakatoliki ni Baba Mtakatifu, neno lililopita Kigiriki na Kilatini likiwa na maana ya baba. Huko Peru, alikokuwa Askofu wa Chiclayo kabla ya kuwa Papa Leo XIV, papa ni kiazi pia, kutoka lugha ya Kikechua. Sijui kama walimtania!

Na kwa Kimaa? Mtoto akimwita baba yake anasema papa.

Zoezi la wiki: baada ya Misa ya Jumapili, mwombe kijana mwenzako wa Kimaasai akufundishe Baba Yetu kwa lugha yake. Sikiliza anavyoanza.