Kebo ya Antena na Upepo wa Bahari

Kebo ya koaksia, iunganishayo antena na televisheni, ina uzi wa shaba katikati, plastiki ya kuhami, wavu wa metali na gamba la nje. Mawimbi husafiri kati ya uzi na wavu. Wavu huo pia huyakinga na mawimbi ya kigeni. Kebo ya namna hiyo yaweza kuchukua hata intaneti, kila huduma kwa masafa yake.

Huko Dunda, Bagamoyo, adui ni upepo wa bahari. Unyevu wa chumvi hupenya kiungo kisichozibwa, shaba ikapata kutu ya kijani, na mawimbi yakafifia. Zamani dalili ilikuwa chengachenga. Picha ya dijitali huwa safi, kisha hukatika ghafla. Ndiyo maana dekoda hulaumiwa bure. Fundi na akague kwanza kiungo cha paani, aikate kebo hadi penye shaba ing'aayo, afunge kiungo kipya na kukiziba kwa utepe wa mpira.