Kabla Hujalipa Ada, Omba Daftari

Shule binafsi ikijinadi kwamba inamlea mtoto mzima, kichwa, moyo na mikono, nenda ukaione mwenyewe. Ila usiende siku ya wazazi. Siku hiyo kila shule ina sanaa: ngoma imepashwa moto, ngonjera imekaririwa, kuta zimejaa picha. Nenda Jumanne asubuhi, watoto wakiwa na kamasi zao.

Mimi nilishanaswa. Shule moja ilinionyesha ukuta wenye vipepeo 28, wote wazuri, wote wenye bawa jekundu upande wa kushoto. Nikalipa muhula mzima. Baadaye mwanangu akaniambia vipepeo aliwachora mwalimu, wao walipewa tu rangi na kuonyeshwa pa kupaka.

Kwa hiyo unachotafuta ni shule inayotumia sanaa kufundishia, si ya kupambia. Wakongwe wa mtindo huo ni shule za Waldorf. Ya kwanza ilifunguliwa 1919 mjini Stuttgart, Ujerumani, pale Emil Molt, mwenye kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, alipomwomba Rudolf Steiner aanzishe shule ya watoto wa wafanyakazi wake. Jina limetoka kiwandani. Huku kwetu ziko chache, kama Hekima ya Dar es Salaam na ile ya Mbagathi, Nairobi. Lakini maswali yafuatayo yanafaa popote.

Omba kukaa nyuma ya darasa kipindi cha kwanza. Kwenye shule za Waldorf hicho ndicho somo kuu: karibu saa mbili za somo moja, kila siku, kwa wiki tatu au nne, kisha wanahamia lingine. Utawakuta wadogo wamesimama duara, wanatembea wakihesabu, na kila wakifika 3, 6, 9 wanapiga mguu chini. Inapendeza kuitazama. Wakishakaa, omba ruhusa umuulize mmoja, peke yake, tatu mara saba ni ngapi. Akitazama miguu yake kwanza halafu akajibu, hesabu imeingia. Akikutazama wewe tu, walikuwa wanacheza.

Kisha omba madaftari, na hapa usiwe na haraka. Katika shule hizi mtoto hujitengenezea kitabu chake: anaandika, anachora, anapaka rangi. Chukua matatu ya darasa moja, uyapange mezani. Darasa la kwanza yakifanana usishtuke, kunakili ubaoni kunaufundisha mkono. Lakini darasa la tano, ukikuta mto Nile wenye mikunjo ileile na sentensi zilezile katika yote matatu, hao ni vipepeo wangu wamerudi.

Kusoma ndiko kunakogombanisha wazazi. Waldorf hawana haraka na herufi. Huanza mtoto akiwa na miaka sita au saba, tena kwa picha: anachora milima miwili, polepole milima inageuka M. Jirani yako ana mtoto wa chekechea anayesoma gazeti, na bibi wa mwanao atakuuliza ada yako inakwenda wapi. Muulize mkuu wa shule waziwazi: mwanangu akihamia shule nyingine darasa la tatu, atakuwa amefika wapi kwenye kusoma? Na kwa mitihani ya taifa mnawaandaaje? Anayejibu kwa mifano, msikilize. Anayejibu kwa falsafa, aga.

Uliza pia mwalimu wa darasa amekaa nao miaka mingapi. Wazo la Steiner ni mwalimu mmoja apande na watoto wake hadi miaka minane. Kama darasa limeshabadilishiwa watatu, wazo limebaki kwenye kipeperushi. Ada nayo, uliza kama uzi wa kufuma, filimbi na krayoni za nta ya nyuki vimo ndani au vitakuja kama bili ya pembeni. Vingine huagizwa nje.

Mwisho, omba mtoto ashinde huko siku moja, na jioni usimhoji. Wangu wa pili alirudi na vidole vya bluu, akala, akaanza kuzunguka jikoni akipiga mguu kila baada ya hatua mbili. Alifika 27, akajikwaa kwenye mbuzi ya nazi, akaanza upya.