Tairi Kubwa na Mteremko wa Sekenke

Fundi afufuaye lori kuukuu hupenda tairi kubwa. Tuseme tairi la kipenyo cha sentimita 102 laondolewa, lafungwa la 108. Msukumo barabarani ni momenti ya ekseli ikigawanywa kwa nusukipenyo. Kwa hiyo hupungua kwa asilimia 6 hivi. Difu ya meno 41 kwa 6, yaani 6.83, yapasa kubadilishwa iwe 7.23 hivi ili lori lipande kama awali.

Wengi huishia hapo. Lakini katika mteremko wa Sekenke, kuelekea Igunga, hatari i kwenye breki. Difu mpya huirudishia injini uwezo wa kuzuia. Breki zilizomo gurudumuni haizirudishii kitu, nazo zimepoteza asilimia 6 ile ile.

Zoezi: difu isipobadilishwa, na kipimamwendo kikasoma 50, lori laenda kilomita ngapi kwa saa?