Alama ya Dola Imetoka Wapi Kwenye Hesabu za Kikundi?

Mweka hazina wa kikundi ameandaa hesabu za michango kwa Excel: Sh12,500 na Sh8,000. Faili inapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine, jumla inasomeka $20,500. Je, pesa zimegeuka dola? La. Alama ya sarafu ni vazi tu. Thamani iliyo ndani ya seli ni ile ile.

Hali hii ina sababu mbili. Kwanza, muundo wa sarafu usiofungwa kwa nchi moja hufuata mipangilio ya kompyuta inayotumika. Ikiwa ni ya Marekani, dola hujitokeza. Pili, fomula mpya huiga muundo wa seli inazosoma, hivyo kosa husambaa.

Ili kurekebisha, teua seli husika, bonyeza Ctrl na 1, chagua sarafu, kisha alama ya shilingi ya Kenya.

Wakazi wanahimizwa wasiandike “Sh” kwa mkono ndani ya seli. Kompyuta isiyoitambua alama hiyo hukichukua kiasi kizima kama maandishi, na fomula ya SUM hukiruka. Hapo mchango wa mwanachama hukosekana kwenye jumla bila onyo lolote. Dalili yake ni kiasi kilichoegemea upande wa kushoto wa seli.