Tamthilia za Polisi: Habari Inaishia Wapi, Hadithi Inaanzia Wapi?

Kijana mwenzangu, je, wewe ni mpenzi wa tamthilia za polisi? Mbagala, Tandika, Manzese au Tandale, iwe sebuleni kwa jirani au kwenye banda la video, mpelelezi akitokea tu, watu wote kimya!

Visa vingi vya tamthilia hizo chanzo chake ni magazeti. Law & Order ilianza Marekani mwaka 1990, ikaonyeshwa kwa miaka 20, ikarudi tena mwaka 2022. Watunzi wake walisifika kwa kuchukua visa vilivyokuwa midomoni mwa watu. Jirani zetu wa Kenya nao walitoa Crime and Justice mwaka 2021. Humo Sarah Hassan aliigiza mpelelezi wa Nairobi, na visa vyake vilitokana na habari za kweli.

Kuangalia si kosa. Tamthilia nzuri hutufungua midomo tukazungumzia ubakaji na vipigo vya majumbani, mambo ambayo wengi huyaficha. Lakini mtunzi ana muda usiofika saa moja kumaliza kisa. Kwa hiyo hubadili majina, huchanganya visa viwili kuwa kimoja, na mwisho huubuni mwenyewe. Ukiiga kila unachokiona, utapotea kwenye mambo haya matatu.

1. MUDA
Kwenye tamthilia, majibu ya DNA yanatoka kabla ya tangazo la biashara! Kwetu sampuli hupelekwa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu husubiriwa. Wewe kumbuka muda mwingine: saa 72. Aliyebakwa, msichana au mvulana, awahi hospitali kabla saa hizo hazijapita, ili apewe dawa za kuzuia VVU. Dawa hizo humezwa kwa siku 28. Msichana hupewa pia vidonge vya kuzuia mimba. Asioge wala asifue nguo alizovaa, maana huo ni ushahidi. Ikiwa ameshaoga, aende hivyo hivyo. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto atasikilizwa kwa faragha. Kama ameumia sana, hospitali kwanza: Temeke, Mwananyamala au kituo chochote kilicho karibu.

2. MTUHUMIWA
Kwenye runinga tulimwona muuaji akiua. Mtaani hatukuona kitu, tumesikia tu mtu kapiga kelele "Mwizi!" Halafu mawe, matairi na petroli. Je, kama siye? Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Kumpiga mtu hadi afe ni mauaji, hata mkiwa hamsini. Usirushe jiwe. Mwite mjumbe au polisi.

3. ALIYETENDEWA
Tamthilia ikiisha, mwigizaji anafuta damu ya rangi na kwenda zake nyumbani. Lakini yule wa kwenye gazeti kesho anatakiwa arudi darasani, na pengine wewe ndiye unayekaa naye dawati moja! Anaweza kukosa usingizi, kushtuka ovyo au kuacha kula. Akiona kisa kinachofanana na chake kwenye runinga, huenda akaumia upya. Usimtaje jina kwa wengine, wala usisambaze picha yake. Msikilize bila kumhoji kama mpelelezi, kisha mshauri amweleze mtu mzima anayemwamini. Simu namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, na kupiga ni bure.

JADILINI DARASANI
1. Chagueni tamthilia moja mliyoiona. Nani alisahauliwa kesi ilipokwisha?
2. Rafiki yako amebakwa Ijumaa jioni, anasema atakwenda hospitali "wiki ijayo". Saa 72 zinaisha lini? Utamwambia nini?
3. Kisa cha mtaani kwenu kikiigizwa, mngependa mtunzi afiche mambo gani? Kwa nini?