Mswada wa Mpakani: Uandishi na Njia za Uchapishaji kwa Mwandishi wa Amagoro

Utangulizi

Amagoro ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Bungoma kuelekea Malaba, katika eneo la Teso Kaskazini, kaunti ya Busia. Malori yaendayo Kampala, Kigali na Juba hupita hapo usiku na mchana, na madereva wake husalimiana, hubishana na hununua chakula kwa Kiswahili. Lugha hii, kwa hivyo, si ngeni mpakani. Kilicho adimu ni kitabu cha Kiswahili kinachoisimulia Amagoro yenyewe.

Aghalabu mwandishi chipukizi wa eneo hili huuliza swali moja: atachapishwa na nani? Makala hii inashikilia kwamba swali hilo huja mapema mno. Linalopaswa kutangulia ni hili: anamwandikia nani? Jibu lake ndilo linaloamua utanzu, lugha, njia ya kuchapisha na hata mkataba utakaotiwa sahihi.

Malighafi

Kosa la kwanza la mwandishi wa bara ni kudhani kwamba fasihi ya Kiswahili sharti inukie bahari. Hivyo basi, mtu aliyezaliwa karibu na milima ya Chelelemuk huandika kuhusu majahazi ambayo hajawahi kuyapanda. Ken Walibora alionyesha njia nyingine katika Siku Njema (1996): msafara wa Kongowea huanzia Tanga, lakini humfikisha Kitale, na riwaya hiyo ilisomwa shuleni kote Kenya. Naye Okiya Omtatah, mzaliwa wa Teso, alichapishiwa tamthilia yake ya Kiingereza, Lwanda Magere, na Heinemann Kenya mwaka 1991. Umbali wa zaidi ya kilomita 400 kutoka Nairobi haukumzuia.

Amagoro ina malighafi ya kutosha: michoro ya kale ya miambani huko Kakapel, chungu cha ajon kinachozungukwa na wazee wenye mirija mirefu, reli iendayo Tororo, na mpaka uliopita katikati ya ukoo mmoja. Hata hivyo, malighafi si hadithi. Mathalani, mnamo Januari 2022 malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kufuatia agizo la Uganda la kuwapima madereva virusi vya korona. Mwandishi anayesema tu kwamba foleni ilikuwa ndefu ameandika habari. Anayemchukua dereva mmoja aliyebeba samaki, akampa siku tatu, barafu inayoyeyuka na simu ya tajiri isiyokoma kulia, huyo ameanza hadithi. Msomaji hujali anapojua nani atapoteza nini.

Lugha

Kiateso ni lugha ya Kinilo. Nomino zake hubainishwa kwa jinsia: viambishi e- na a- hutenga ya kiume na ya kike. Mfumo huu hautoi msaada kwa ngeli za Kiswahili, na hivyo mzungumzaji wa Kiateso hana budi kuukagua upatanisho wa kisarufi sentensi kwa sentensi. Kazi hii ifanywe baada ya rasimu ya kwanza, wala si wakati wa kuiandika, kwani anayesahihisha kila neno linapozaliwa huchoka kabla ya sura ya pili.

Ifahamike pia kwamba usanifu una mahali pake. Msimulizi anaweza kutumia Kiswahili sanifu, lakini utingo wa lori akizungumza kama mhadhiri, msomaji hatamwamini. Kiswahili cha Malaba, kilichochanganyika na Kiateso, Kibukusu, Kiganda na Kiingereza, kinafaa katika mazungumzo ya wahusika, mradi kiwe na kazi. Neno la Kiateso lisilo na kisawe libaki lilivyo, na muktadha ulifafanue. Mabano na maelezo marefu humkatiza msomaji.

Rasimu ikikamilika, iwekwe kando wiki kadhaa, kisha isomwe kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, sentensi ina kasoro. Baada ya hapo apewe msomaji asiye ndugu wala mwalimu wa mwandishi, naye aulizwe swali moja tu: ni wapi alipotaka kuacha kusoma?

Njia za uchapishaji

Njia ya kwanza ni gazeti. Ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo umewalea watunzi wengi, nao humfundisha mtunzi nidhamu ya arudhi na ya nafasi. Ya pili ni mkusanyiko wa hadithi fupi. Damu Nyeusi, uliohaririwa na Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed, na Tumbo Lisiloshiba ni mifano ya vitabu vilivyowaweka waandishi mbalimbali chini ya jalada moja na kuwafikisha madarasani. Kwa asiyejulikana, hadithi moja iliyoiva huweza kufungua mlango ambao riwaya mbichi haitaufungua. Mtunzi wa tamthilia naye aanze jukwaani. Tamasha za drama za shule na vyuo zitamwonyesha upungufu ambao karatasi huuficha.

Njia ya tatu ni shirika la uchapishaji. Mashirika mengi ya Kenya yako Nairobi, na soko lao kubwa ni shule. Kwa sababu hiyo, vitabu vingi hupimwa kwa macho ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Mwandishi asome kwanza orodha ya vitabu vya shirika analolilenga, kisha atume muhtasari, sura za mwanzo na barua fupi. Asikate kila kona ya kazi yake ili imridhishe mtahini. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, lakini baadaye iliingia madarasani bila kubadilishwa roho yake.

Njia ya nne ni tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Diwani ya N'na Kwetu ya Mohammed Khelef Ghassani ilishinda katika awamu ya kwanza, kisha ikachapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Katika njia hii mswada ulitangulia, mchapishaji akafuata.

Njia ya tano ni kujichapishia. Mwandishi hupata ISBN kutoka Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya, hulipia uhariri, usanifu wa jalada na upigaji chapa, kisha huuza mwenyewe. Faida yote ni yake, na hasara kadhalika. Anayeharakia njia hii bila mhariri hujikuta na maboksi chini ya kitanda. Nakala chache, zilizoagizwa baada ya kuhesabu wanunuzi halisi, ni salama zaidi.

Mkataba na hakimiliki

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki huzaliwa kazi inapoandikwa, na hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kusajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki husaidia kuthibitisha umiliki, lakini si usajili unaoizaa haki.

Mwandishi asiuze hakimiliki kwa malipo ya mara moja kwa sababu ya dhiki ya siku moja. Aulize pia mrabaha unakokotolewa juu ya nini. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 500, na duka linapunguziwa asilimia 30. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 50, ilhali asilimia 10 ya mapato ya mchapishaji ni shilingi 35. Kwa nakala 1,000, tofauti ni shilingi 15,000. Vilevile mkataba ueleze haki zitarudi lini kitabu kikiacha kuchapishwa, na ni nani anayemiliki haki za tafsiri, redio na filamu.

Ng'ambo ya mpaka

Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Kwa mwandishi wa Amagoro, msomaji huyo mpya yuko Tororo, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Mkataba unaolitaja soko la Kenya pekee, au unaotoa haki za nchi zote bila mpango wa kuzitumia, unaweza kumfungia mlango ulio karibu naye kuliko wa Nairobi.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mwandishi wa mpakani hakosi njia. Mara nyingi hukosa subira ya kuuivisha mswada na ujasiri wa kuuliza maswali kabla ya kutia sahihi. Amjue msomaji wake kwanza, kisha achague njia itakayomfikia.

Maswali ya mjadala

1. Je, soko la shule limeikuza au limeibana fasihi ya Kiswahili nchini Kenya?
2. Chagua tukio moja la mpakani, ueleze ni nani atapoteza nini, kisha uandike ukurasa wa kwanza wa hadithi fupi.
3. Jadili mipaka ya kutumia Kiswahili cha Malaba katika usimulizi.